Kahawa ilitoka kwetu, machicha yakabaki kwao

SANDOA – Makala ya leo ni ndefu kuliko tulizozoea, kwa sababu nina deni la kulipa.

Mwanzoni mwa msimu wa mvua nilisema hewani, katika kipindi cha asubuhi, kwamba machicha ya kahawa ni mbolea ya bure. Nilikuwa nimeyaona hayo kwenye simu, yameandikwa kwa uhakika mkubwa, nami nikayasema kwa uhakika uleule. Chukueni kile kinachobaki chini ya birika, nikasema, mwageni kwenye bustani, lengalenga zitastawi. Ilikuwa dakika mbili tu. Muziki ukafuata, nami nikasahau.

Mama mmoja hakusahau. Yeye ni kati ya wale waliofika hapa wakikimbia vita vya Kasai vya mwaka 2016 na 2017, na siku hizi anafua nguo kwenye nyumba moja ya wageni. Akaomba jikoni wamwekee machicha. Kwa wiki tatu alijaza ndoo, halafu akayamwaga yote, mabichi, juu ya kitalu alichokuwa amepanda lengalenga na nyanya siku chache kabla. Mbegu zilizoota zilikuwa za kuhesabu. Hata hizo zikawa njano, zikasimama palepale. Kitalu hicho ndicho kilichokuwa mboga ya watoto watano mpaka mwezi wa kwanza.

Alipokuja kunitafuta hakuja kugomba. Aliniuliza tu kama redio ilikuwa imesema kweli.

Swali hilo limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia. Nilitaka kujua kwa nini lengalenga zilikufa, na njiani nikakutana na historia ambayo shuleni hakuna aliyenifundisha: kwamba sehemu kubwa ya kahawa inayonywewa duniani ina mizizi yake Kongo, si mbali sana na maji yetu ya Lulua, na kwamba machicha ya kahawa hiyo karibu hayafiki kwetu kabisa.

Tuelewane kwanza juu ya neno

Watu wa pwani huita machicha yale mabaki ya nazi iliyokunwa ikakamuliwa tui. Sisi huku hatuna minazi, lakini kazi ya kuchuja tunaijua. Ukipika munkoyo, kuna kinachobaki kwenye kichujio. Ukipika kawa, kama tunavyoita nyumbani, kuna ule unga mweusi wenye maji unaobaki chini ya sufuria au kwenye kitambaa. Huo ndio ninaouita machicha ya kahawa. Usiuchanganye na maganda ya tunda la kahawa, ambayo mkulima huyatoa huko shambani kabla buni haijakaangwa. Maganda hayo ni ya mkulima, lakini machicha ni ya mnywaji. Utaona baadaye kwamba tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe.

Mti wa misitu yetu

Kahawa iliyojulikana kwanza duniani ni arabika, ya Ethiopia, iliyovuka bahari kwenda Yemen na kutoka huko ikasambaa. Wazungu waliipanda kwenye makoloni yao ya Asia, wakatajirika. Halafu ukaja ugonjwa wa kutu ya majani. Mwaka 1869 ulionekana Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka, na mwaka 1876 ulikuwa umefika Java, koloni la Waholanzi. Majani yalidondoka na mashamba yakafa. Ceylon iliacha kahawa ikageukia chai.

Wakati huohuo, katika misitu ya Kongo, kulikuwa na kahawa nyingine iliyokuwa inajiotea. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Émile Laurent, alikusanya mikahawa ya msituni katika eneo la Lusambo, nayo ikapewa jina lake kwa Kilatini. Lusambo uko kwenye mto Sankuru. Sankuru unaingia Kasai, na Lulua yetu inayopita Sandoa inaingia Kasai vilevile. Kwa hiyo maji ya hapa na maji ya kule yanakutana njiani. Ndugu zetu waliotoka Kasai na kujiona wageni hapa waishike habari hiyo: mto wetu na wao ni ule ule.

Mwaka 1900 kampuni ya bustani ya Linden huko Bruxelles ilikuwa inauza miche iliyotokana na mbegu za kutoka upande wa mto Lomami. Ikaipa jina la biashara: robusta, yaani yenye nguvu. Mwaka 1901 miche hiyo ikapelekwa Java. Kutu ikaijia, ikashindwa. Kuanzia hapo robusta ikashika Java, ikaenda India, ikarudi hata Afrika kwenyewe, na leo aina hii ya kahawa ni karibu sehemu 40 kwa 100 ya kahawa yote ya dunia. Vietnam, inayoongoza kwa robusta, inalima mti ambao jamaa zake wa porini bado wapo katika misitu ya Kongo.

Tukumbuke nchi hii ilikuwa ya nani wakati huo. Mwaka 1900 Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili, na watu wa misitu ile walikuwa wanapigwa na kuuawa kwa ajili ya mpira. Mbegu za kahawa zilipita katika njia zilezile. Hakuna aliyeandika jina la mwanakijiji aliyewaonyesha mti ulipo.

Mara tatu kwenye birika moja

Watu wa kale wa kahawa hawakutupa ovyo. Huko Ethiopia, mpaka leo, mwenye nyumba anakaanga buni mbele ya wageni, anaitwanga na kuichemsha kwenye chungu cha udongo kinachoitwa jebena. Wageni wanakunywa kikombe cha kwanza, jina lake abol. Halafu anaongeza maji juu ya machicha yaleyale na kuchemsha tena. Hicho ni tona. Mara ya tatu ni baraka. Kila mara kahawa inakuwa nyepesi zaidi, lakini kuondoka kabla ya baraka si adabu. Kwa hiyo machicha yanayotoka kwenye jebena yamekwisha kutoa karibu kila kitu.

Wahaya wa Bukoba, kule Tanzania, walipata dawa nyingine ya tatizo la machicha: hawakuwa nayo. Robusta yao walichemsha matunda yake pamoja na majani ya harufu, wakayakausha, wakayatafuna. Mgeni alipewa buni kabla ya chakula. Baganda walitumia buni mbili za tunda moja katika kufunga udugu wa damu. Kahawa ilikuwa kitu cha kutafuna na cha kuapia, na hakikubaki chochote cha kumwaga.

Jikoni Kolwezi

Kwetu Katanga kahawa haikuja hivyo. Ilikuja na reli, misheni na kampuni. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1931 reli ya Benguela, iliyotoka bandari ya Lobito ikapita Dilolo, iliunganishwa na reli ya Katanga huko Tenke. Mji wa Kolwezi ulikua katika miaka ya 1930. Mfanyakazi wa kambi alipewa posho: unga, samaki, karanga, mafuta ya mawese. Birika la kahawa lilikuwa kwenye nyumba za Wazungu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi huko Kolwezi katika miaka ya 1950. Walimwita boyi, ingawa alikuwa baba wa watoto wanne. Alipikia familia moja ya Wabelgiji, na asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa kahawa: kichujio cha kitambaa, maji ya moto yanayomwagwa polepole, na kidogo cha chikori. Wabelgiji walizoea chikori tangu zamani, na wakati wa vita kuu ya pili, nchi yao ilipokaliwa na Wajerumani na kahawa ikaadimika, wengi walikunywa mzizi huo mtupu.

Machicha ya asubuhi yalikuwa na safari mbili. Sehemu moja ilikwenda kwenye maua ya madame, lakini babu hakuyaweka hivihivi. Aliyatupa kwanza kwenye shimo la majani nyuma ya jiko, akayaacha humo mpaka msimu mwingine. Sehemu ya pili aliifunga kwenye jani la mgomba akaja nayo nyumbani. Bibi aliyachemsha tena na sukari. Waliiita kawa ya pili. Mama yangu anasema yeye alikua akidhani ndiyo kahawa yenyewe. Baada ya hapo machicha yalisugua sufuria, na kilichobaki kikaishia kwenye shina la mgomba.

Nimesimulia hayo si kwa kusifu umaskini, maana hakuna anayependa kunywa mabaki ya mwenzake. Nimeyasimulia kwa sababu ya lile shimo nyuma ya jiko. Babu alijua jambo ambalo mimi, mwenye simu na diploma ya uandishi wa habari, sikulijua nilipokuwa nasema kwenye maikrofoni.

Mwaka 1977

Mwezi wa 7 mwaka 1975 baridi kali ilipiga jimbo la Paraná huko Brazili, ikaua mikahawa kwa mamia ya mamilioni. Kwa kuwa Brazili ndiyo mlimaji mkubwa kuliko wote, bei ya dunia ikaanza kupanda, na mwanzoni mwa 1977 ilifika juu kuliko ilivyowahi kuonekana.

Wasikilizaji wa umri mkubwa wanaukumbuka mwaka 1977 kwa jambo jingine. Tarehe 8 mwezi wa 3, wapiganaji wa FNLC, wengi wao Wakatanga waliokuwa ukimbizini, walivuka kutoka Angola wakaingia nchi yetu. Dilolo, Kapanga na Mutshatsha zilishikwa. Mobutu alisaidiwa na askari wa Moroko, waliosafirishwa kwa ndege za Ufaransa, na mwishoni mwa mwezi wa 5 wapiganaji walirudi walikotoka. Raia kwa maelfu waliwafuata Angola kwa miguu, wakiogopa kisasi. Baadhi ya familia za hapa zina makaburi upande ule.

Nao walikimbilia nchi ya kahawa. Angola, kabla ya uhuru wake mwaka 1975, ilikuwa ya nne duniani kwa kahawa, karibu yote robusta, iliyochumwa kwa sehemu kubwa na watu waliolazimishwa. Maasi ya tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka 1961 yalianzia kwenye mashamba hayo ya kaskazini, na watu wengi wakakimbilia Kongo. Kwa hiyo barabara hii ya wakimbizi imepitwa pande zote mbili: 1961 wao walikuja kwetu, 1977 sisi tulikwenda kwao, 2017 watu wa Kasai wakaenda mpaka kambi ya Lóvua, na mwezi wa 10 mwaka 2018 Wakongomani kwa mamia ya maelfu wakafukuzwa kutoka Angola. Anayemwita jirani yake mkimbizi aulize kwanza bibi yake alilala wapi mwaka 1977.

Bei ile ya 1977 iligusa hata wanywaji wa Ulaya. Ujerumani Mashariki ilikosa fedha za kigeni ikawauzia raia wake unga ambao nusu tu yake ilikuwa kahawa. Nusu nyingine ilikuwa chikori, nafaka na vitu vya namna hiyo. Watu walikasirika. Serikali ikapeleka malori Angola ili ilipwe kahawa. Fikiria: mwaka ambao bibi zetu walikuwa wanavuka mpaka na watoto mgongoni, malori yalikuwa yanabadilishwa na kahawa nchi hiyohiyo.

Shamba linakufa, sasheti inafika

Na Zaire yetu? Kwa bei ile ingepaswa kunenepa. Lakini tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Mobutu alikuwa ametangaza zaïrianisation, na mashamba ya wageni yakagawiwa watu ambao wengi wao hawakujua kulima wala hawakutaka. Kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanzishwa na INEAC mwaka 1933, kikapungukiwa. Halafu ugonjwa wa kunyauka kwa mikahawa, ambao Yangambi ilikuwa imeupunguza kwa kuchagua miche migumu, ukarudi kaskazini-mashariki ya nchi na kuenea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire bado iliuza nje zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Baada ya vita za miaka ya 1990 kilichobaki kilikuwa kipande kidogo cha hapo.

Upande wa pili wa bahari, robusta ilikuwa imepata kazi mpya. Mwaka 1938 Nestlé ilianza kuuza Nescafé huko Uswisi: kahawa iliyokwisha kupikwa kiwandani ikakaushwa, mnywaji anaongeza maji tu. Robusta ilifaa kazi hiyo kwa sababu ni rahisi na inatoa unga mwingi. Ndiyo sasheti unayonunua leo sokoni Sandoa kwa noti ndogo ya franka.

Sasa ifungue sasheti hiyo kwenye kikombe, koroga, kunywa, halafu tazama chini. Hakuna kitu. Machicha yake yalibaki kiwandani. Na huko hayatupwi: Nestlé yenyewe huyachoma katika viwanda vyake kadhaa yapate kuchemsha maji ya mvuke. Yaani mti umetoka kwetu, kinywaji kinarudi kwetu, lakini mabaki yanapasha moto kwa wenzetu.

Ndiyo sababu habari ya machicha ya kahawa niliyoisoma kwenye simu haikuandikwa kwa ajili yetu. Marekani, kampuni ya Starbucks imekuwa ikigawa machicha bure kwa wenye bustani tangu 1995, kwa sababu inayo mengi mno. London, mwaka 2013, ilizaliwa kampuni iliyokusanya machicha ya mikahawa ikayageuza kuwa makala ya kuchoma. Ilidumu miaka kumi. Yule mama wa kwetu alihitaji wiki tatu kujaza ndoo moja.

Milima ya Kolwezi

Nikiwa Kolwezi kwa kazi, nilisimama mbele ya ile milima ya mabaki ya mgodi. Kwa miaka mingi viwanda vya shaba vilitupa mchanga uliosagwa huko Kingamyambo na kwenye bonde la mto Musonoi. Waliona shaba wanayoitaka imekwisha kutoka. Leo mabaki hayohayo yanachimbwa upya na kampuni, kwa kuwa bado yana shaba, na yana kobalti ambayo dunia inaitafuta kwa ajili ya betri. Tangu 2018 kuna kiwanda kizima kinachoishi kwa kile ambacho zamani kiliitwa taka.

Niliwaza juu ya babu na jani lake la mgomba. Mabaki hayana thamani mpaka apatikane mwenye vifaa vya kuyatumia, na siku hiyo anayeyamiliki si yule aliyeishi kando yake. Mchanga wa Musonoi umepita katika mashamba ya watu, lakini faida yake haikupita humo.

Kwa nini lengalenga zilikufa

Tuje kwenye deni langu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitoa matokeo ya jaribio rahisi. Walichukua machicha mabichi ya kahawa wakayachanganya na udongo wa aina mbalimbali, wakapanda mboga na maua. Mimea yote ilidumaa, hata pale walipoongeza mbolea. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kitalu cha mama yule.

Sababu ziko kadhaa, na zinaeleweka. Ya kwanza, mkahawa unatumia kafeini kujilinda na kuzuia mimea mingine isiote karibu yake, na kidogo cha kafeini hiyo bado kimo kwenye machicha. Ya pili, machicha yana naitrojeni kama sehemu 2 kwa 100, lakini imefungwa ndani. Vijidudu vya udongo lazima viyaozeshe kwanza, na vinapofanya kazi hiyo vinanyonya naitrojeni iliyokuwa tayari kwenye udongo. Mmea mchanga unabaki na njaa, unakuwa njano. Ya tatu, unga ule ni laini sana. Ukimwagwa mwingi na ukakauka, unafanya ganda ambalo maji ya mvua yanateleza juu yake.

Yakioza vizuri katika shimo au chungu la takataka, pamoja na vitu vingine, habari inabadilika. Wataalamu wa bustani wanashauri machicha yasizidi sehemu moja katika tano. Yaani ndoo moja ya machicha kwa ndoo nne za majani makavu, maganda ya mihogo, maganda ya karanga, samadi ya mbuzi. Geuza kila baada ya wiki mbili, usiache likauke, na subiri miezi mitatu au zaidi, mpaka usisikie tena harufu ya kahawa bali ya udongo wa msituni. Ndilo shimo la babu.

Kwetu jambo hili lina uzito, kwa sababu udongo wa upande huu wa Lualaba ni mchanga wa Kalahari. Maji yanapita kama kwenye kichujio na chakula cha mmea kinapita nayo. Wazee walijua: walilima kwa majivu ya matawi yaliyochomwa, wakahama shamba lilipochoka. Familia iliyokimbia na kupewa kipande cha mita kumi kwa kumi haiwezi kuhama shamba. Inalazimika kujenga udongo wake hapohapo, ndoo kwa ndoo.

Ninaongeza maonyo machache, ili nisirudie kosa. Kwenye simu utasoma kwamba machicha yanafukuza konokono. Jaribio lililofanyika Hawaii na kuandikwa mwaka 2002 lilitumia maji ya kafeini yenye nguvu, si machicha yaliyokwisha kunywewa. Utasoma pia kwamba yanaua viluwiluwi vya mbu. Watafiti wa Brazili waliona hivyo kwa mbu wa dengue katika maji ya majaribio. Malaria ya watoto wetu inaletwa na mbu mwingine, na chandarua hakina mbadala. Utasikia kwamba machicha yanashika shaba na risasi ndani ya maji. Ni kweli katika maabara, lakini usichuje nayo maji ya kunywa ya mtoto. Kwa wenzetu wa Kolwezi na Lubumbashi wanaolima karibu na viwanda: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu samadi na chokaa kwenye udongo wenye shaba wa mtaa wa Penga Penga. Mbolea ya namna hiyo husaidia mimea kuota, lakini madini yanabaki palepale ardhini. Mwisho, msiwape mbwa machicha, kafeini inawadhuru.

Kuna matumizi moja ya machicha mabichi ambayo yanastahili kutajwa: uyoga. Huko Zimbabwe, Chido Govera, aliyeachwa yatima akiwa mdogo, alijifunza kupanda uyoga akiwa na miaka 11 katika Chuo Kikuu cha Africa University huko Mutare, chuo cha Wamethodisti kama wamisionari walioanzisha kazi yao katika nchi yetu ya Walunda. Baadaye aliwafundisha wengine, yatima na wanawake, kuotesha uyoga juu ya mabaki ya shamba na machicha ya kahawa. Mama zetu wanaookota uyoga msituni wakati wa mvua wanajua soko lake. Linalokosekana ni mbegu yake, ambayo lazima itoke kwenye maabara safi.

Machicha yetu wenyewe

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza yote haya, nikaomba msamaha mbele ya majirani zake. Hakuwa na haja ya historia ya Java. Aliuliza: kama kahawa ni chache, tuweke nini?

Tulizunguka naye mtaani saa moja. Kwa jirani anayepika munkoyo tulikuta machicha ya mahindi na mizizi, yanamwagwa mtaroni kila siku ya soko. Kwa anayetengeneza unga wa bukari, maganda ya mihogo. Kwa muuza karanga, gunia la maganda. Kwa fundi seremala, unga wa mbao. Jivu kila nyumba. Kahawa ilikuwa kitu kidogo kuliko vyote, ndoo moja ya nyumba ya wageni. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akaanza kulijaza. Watoto wamepewa kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, na jirani wa munkoyo, ambaye mwanzoni alisita, sasa naye amechimba la kwake.

Mwezi uliopita alipanda tena lengalenga, kwenye udongo uliochanganywa na kile kilichoiva shimoni. Zimeota. Siwezi kuwaambia zaidi ya hapo, kwa sababu mara ya kwanza nilisema zaidi ya nilichojua.

Ninawaomba wasikilizaji wakubwa, hasa waliofanya kazi jikoni, reli na kambini huko Kolwezi, Kasaji na Dilolo: kama mnakumbuka jinsi mabaki yalivyotumika nyumbani kwenu, pitieni redio mtusimulie. Mlioko mbali, mtumie sauti kwa simu. Tutayasoma hewani, na safari hii tutayapima kwanza kabla ya kuyasema.

Mwandishi wenu, Sandoa.